Mawe Manne ya Redio

Mkufunzi wetu wa zana za kufundishia alikuwa redio. Sitanii. Chuo kilikuwa na redio moja kubwa yenye mkanda wa kubebea, lakini haikuwa na betri, na betri mjini Musoma zilikuwa hazionekani kabisa. Basi mkufunzi akiiweka ile redio mezani, anaenda kusimama nyuma ya ubao, anakohoa, anaanza kutangaza kipindi cha Kiingereza cha darasa la sita kwa sauti ya puani. Sisi wanachuo tunajifanya watoto, mwenzetu mmoja anajifanya mwalimu. Akikosea, redio inatoka nyuma ya ubao kuja kumgombeza.

"Redio ikisema, mwalimu anafunga mdomo," alikuwa akituambia. "Huwezi kubishana na redio."

Tulicheka sana, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha njaa. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni unakatiwa kipande, sukari unaisikia tu kwa watu. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi haukuitibu. Halafu nilikuwa na balaa langu mwenyewe. Mazoezi ya kwanza ya kufundisha nilikuwa nimeanguka. Mkufunzi huyohuyo aliandika kwamba nasema mno na zana situmii. Nikianguka mara ya pili cheti hakuna, narudi Kigera kuanika dagaa na mama, baada ya yote aliyouza ili nisome.

Mara ya pili nilipelekwa shule ya msingi moja upande wa Butiama. Mkufunzi aliahidi kuja Jumanne, saa nne asubuhi, kipindi cha redio cha darasa la sita kinaporushwa. Hakutaka kipindi kingine. Nikamwendea mwalimu mkuu, akafungua kabati, akatoa redio iliyoviringishwa kwenye gunia kama mtoto mchanga.

"Redio tunayo, mwalimu," akasema. "Mawe ndiyo hatuna."

Mawe ndilo jina tulilozoea kuziita betri za redio. Ile ilitaka mawe manne makubwa. Nilijua nyumba moja tu yenye mawe manne makubwa, na ilikuwa ya mama yangu.

Mama alikuwa hasikilizi redio kama watu wengine. Mziki hataki, habari hataki. Alikuwa anaiwasha mchana na jioni kwa ajili ya matangazo ya vifo, anasikiliza amesimama, yakiisha anaizima, anatoa mawe, anayaanika juani kwenye bati la jiko ili yapate nguvu tena. Simu hatukuwa nayo, na barua ilikuwa inakaa njiani mpaka inasahau inakokwenda. Ndugu zake walikuwa wametawanyika, na dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa, aliolewa kijiji kimoja cha Bunda. Mtu akifa, redio ndiyo iliyowaita watu kwenye mazishi. Ukiikosa redio umewakosa watu wako.

Nililijua hilo vizuri, na bado nikaenda kumwomba. Ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani, bado ana kitambaa cha kwaya kichwani.

"Ijumaa nayarudisha, mama."

Akayatoa mwenyewe moja moja, akayafunga kwenye leso. "Chukua. Mimi nasikilizaga vifo tu," akasema, akacheka. "Na kwa wiki moja atakufa nani?"

Jumanne mkufunzi hakuja. Watoto walikaa, redio ikakaa, mimi nikakaa. Sikuiwasha, niliogopa kuyamaliza mawe bila shahidi. Mchana mwalimu mkuu akaniletea ujumbe kwamba gari la chuo halina petroli, kwa hiyo mkufunzi atakuja Jumanne inayofuata.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ijumaa ilifika, na lori la pamba lilikuwa linashuka Musoma, dereva ananijua, angenipakia. Nilivaa viatu. Halafu nikakaa kitandani nikapiga hesabu zangu za kijinga: nikiyapeleka, mama atawasha mchana na jioni, mawe yatalegea, na Jumanne redio itanifia mikononi mbele ya mkufunzi. Tena nani ananihakikishia lori la kurudi? Nilivua viatu. Nilijisemea atavumilia, ni siku chache tu. Sitasema nilisahau, maana sikusahau.

Jumanne ya pili mkufunzi alifika kwa baiskeli ya kuazima, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Akakaa nyuma ya darasa na karatasi zake. Nilikuwa nimeyaanika mawe dirishani tangu asubuhi, yalikuwa na joto la mwili. Nikayaweka, nikawasha, na redio ikaita kwa sauti safi kabisa. Nilitaka kulia.

Mtangazaji akawasalimu watoto kwa Kiingereza. Darasa zima likasimama wima, likamwitikia mtangazaji kwa adabu zote, likabaki limesimama. Kha, sikuwa nimelifikiria hilo. Watoto wetu mgeni akisalimia wanasimama, na hawakai mpaka aseme kaeni. Mtangazaji hakusema kaeni. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye somo la sokoni, anauliza bei ya ndizi, na watoto wanamjibu wakiwa wamesimama kama askari.

Mimi je? Redio ikisema, mwalimu anafunga mdomo. Nikawapungia viganja chini, kaeni, kaeni. Kiranja akadhani nawaambia wapunguze sauti, akawageukia wenzake, na darasa zima likaanza kumjibu mtangazaji kwa kunong'ona. Nikapunga tena, wakanong'ona zaidi. Jasho lilinitiririka mgongoni. Niliona cheti changu kinaondoka na zile ndizi.

Sauti ikatoka nyuma, ile ya puani niliyoizoea. "Kaeni," mkufunzi akasema. Wakakaa wote kwa pamoja. Nafikiri walidhani redio imehamia kule.

Kipindi kilipokwisha niliuliza maswali yangu, wakajibu, hata wale wa nyuma. Mkufunzi akaandika muda mrefu. Alipoinuka akanipa karatasi, akasema bila kutabasamu, "Leo umejua kunyamaza." Chini alikuwa ameandika kwamba zana imetumika ipasavyo, nimefaulu. Niliikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya leso pamoja na mawe, nikaisubiri Jumamosi kwa hamu ya kitoto.

Jumamosi nilifika Kigera mchana. Uani kulikuwa na wanawake wa kwaya wameketi kwenye mkeka, na nikajua kabla sijaambiwa. Mama alikuwa katikati yao, kajifunga kanga kiunoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka. Kwenye kigoda alikaa kaka yangu wa Bunda, mtoto wa mama mkubwa, kanyoa nywele zote. Alikuwa amefika jana yake.

Mama mkubwa alifariki ile Ijumaa niliyovua viatu. Jumamosi walitangaza. Jumapili walizika.

"Tulitangaza mara mbili, mama mdogo," kaka alikuwa anasema, na nilielewa kwamba hakuwa anasema kwa mara ya kwanza. "Mchana na jioni. Jina lako walilisoma, na Kigera wakaitaja. Tulizuia jeneza mpaka saa kumi. Wazee walitaka kuondoka, mimi nikasema hapana, mama mdogo yuko njiani."

Leso ilikuwa mkononi mwangu, nzito. Nilifungua mdomo niseme, Mungu ni shahidi, nilifungua.

"Redio ni mbovu, baba," mama akasema, akimtazama yeye. "Ipo kwa fundi wiki ya pili sasa. Nisamehe."

Nikageuza macho kwenye rafu ya sebuleni, mahali redio ilipokaaga miaka yote na kitambaa chake cha kufuma. Kitambaa kilikuwepo, redio haikuwepo. Mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa kurudi sokoni kwa sababu amezidishiwa chenji. Kaka akainamisha kichwa, akasema basi, mambo ya fundi tunayajua, na hasira ikamtoka ikabaki huzuni tu.

Jioni mama aliniita jikoni nimsongee ugali. Nikaweka leso juu ya kinu. Nikamwambia mama, ni mimi, nilikuwa na lori ile Ijumaa, nilikuwa nimeshavaa viatu. Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

Akapuliza tena mpaka moto ukashika. Machozi yalikuwa yanamtoka, akajifuta kwa kanga, akasema kuni ni mbichi. "Redio ipo uvunguni," akasema. "Kaka yako akishaondoka utayaweka."

Kaka aliondoka Jumatatu. Mwaka wangu wa tatu kazini biashara zilifunguliwa, betri zikajaa madukani za kila rangi, na kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mama mawe mapya, mengi kuliko aliyohitaji. Aliyapokea, akashukuru. Ila mawe yale ya zamani, ile Jumatatu, niliyaweka mimi, nikawasha, na matangazo ya vifo yakaanza. Mama akasimama mahali pake akasikiliza wafu wa Kigoma, wa Tarime, wa Geita, watu asiowajua. Yalipokwisha hakuizima. Alibaki amesimama, na mimi sikujua namna ya kumwambia akae.