Siku Niliyowasha Chauffage

Nawasimulia hii kwa sababu mmenisumbua vya kutosha, na aliyeaibika ni mimi mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

Ilikuwa Novemba 2011, kwenye parokia moja ya Ganshoren, huku ughaibuni, ambako miaka minne nilikuwa napiga kinanda kikubwa cha mabomba kama msaidizi tu (yaani zile misa za asubuhi zisizotakiwa na mtu), na monsieur l'abbé, padri wetu, alikuwa ameniahidi kwamba tamasha la siku hiyo likienda vizuri, nafasi ya mpiga kinanda rasmi ni yangu.

Nilitakiwa kumsindikiza kwa kinanda Solveig, dada Mnorwe anayekaa mtaa wa Uccle, na fidla ya asili ya kwao: nyuzi nne juu, na chini yake nyingine tano zisizoguswa, zinaitikia zenyewe. Kinanda hakibadilishwi sauti kwa siku moja, kwa hiyo yeye ndiye aliyekaza fidla yake kukifuata, uzi kwa uzi, saa nzima, kanisa likiwa baridi kama friji. Akatoka kunywa kahawa. Mimi nilikuja moja kwa moja kutoka kazini, nimechoka, vidole vimekufa ganzi, bon, nikawasha chauffage, ile mitambo ya kupasha kanisa joto. Hewa ikipata joto mabomba yanapanda sauti, kila mpiga kinanda anajua, na mimi nilijua. Nilichoka tu.

Watu wakajaa, tamasha likaanza: wimbo wa kwanza, kinanda kiko juu, fidla iko chini, masikio yanauma. Solveig akaacha kupiga, na mimi (mdomo wangu huu) nikawaomba watu radhi kwamba fidla ya mgeni imelegea. Yeye akainama akakaza nyuzi zote tisa, mmoja mmoja, watu wakikohoa, chauffage nayo ikiendelea na kazi yake, tukaanza tena, kinanda kimepanda tena, nikasema tena ni fidla, akakaza tena. Tulipoharibu mara ya tatu, maman Béa wa korali, kwaya yetu, ambaye hajawahi kunong'ona tangu Lubumbashi, akauliza kutoka benchi la mbele:

"Papa Dieudonné, njo weye uliwasha chauffage? Maana tuko tunaungua huku."

Watu wakacheka. Monsieur l'abbé hakucheka. Solveig akamalizia peke yake, vizuri sana, mimi nimekaa kule juu kwenye kinanda mikono magotini.

Baadaye nikashuka kumwomba msamaha. Akaniambia kwa Kifaransa, taratibu, kwamba alijua tangu mwanzo kuwa ni kinanda. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Abbé aliniambia unaipigania nafasi hii," akasema. "Nilifikiri nikikaza haraka, hatagundua."

Nafasi alipewa mwingine, na sawa tu. Kinachoniuma hadi leo ni zile nyuzi tisa alizozikaza mara mbili kunificha, huku mimi namsingizia mbele ya kanisa zima. Siku hizi nikikosea nasema ni mimi, kabla mtu hajauliza.