Kivuli Changu Kwenye Picha ya Njukini

Admin, ficha jina langu na la gazeti ninaloandikia. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, naishi Voi. Ni mwandishi wa habari tangu ujana. Nimeandika habari za ajali, mauaji na mafuriko, kwa hiyo sitawaletea machozi hapa. Nitaeleza yaliyotokea, kisha niulize swali.

Mume wangu, tumwite Mwadime, ni wakala wa mizigo mpakani Taveta. Siku za kazi hulala huko, Jumamosi anakuja nyumbani. Tumeishi hivyo miaka mingi na sikuwahi kuona shida. Tuna mtoto mmoja, Wakesho, ambaye ni nesi Ujerumani. Mwaka jana tulipotimiza miaka thelathini ya ndoa, Wakesho alitulipia safari ya kuzunguka bahari ya Adriatiki. Tuliondoka Oktoba, wakati kule majani ya miti yanageuka manjano na huku kwetu watu wanangoja mvua ya vuli.

Tulishukia Venisi, tukachukua gari dogo, tukapita Slovenia na kuteremka pwani ya Kroatia. Mwadime ndiye aliyeendesha. Kule magari hupita upande wa kulia, na kila tukifika mzunguko wa barabara ananiambia, "Mama Wakesho, funga macho uombe, mimi nitafungua yangu." Nilicheka safari nzima. Kwenye mji wa Split tuliacha gari tukapanda meli, ikatupeleka visiwani, Dubrovnik, hadi Kotor kule Montenegro, ikaturudisha. Usiku tulikuwa tunakaa nje na blanketi moja magotini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kazi yangu imenizoesha kukaa nyuma ya kamera. Mwadime alijua. Kila mahali alisema, "Wewe ndiye fundi. Nipige hapa, peke yangu." Nikampiga kwenye meli, kwenye kuta za mawe, mbele ya makanisa. Kwenye kisiwa kimoja alinunua vifuko viwili vya maua makavu ya rangi ya zambarau, yale ya kuweka kabatini nguo zinukie. Kimoja akanipa, cha pili akasema ni cha mama yake kule Mghange.

Mwezi uliopita nilitumwa Njukini, upande wa Taveta, kuandika habari za wakulima wa maharagwe na wanunuzi wanaovuka mpaka. Sokoni nikaelekezwa kwa mama mmoja mkulima, hodari wa kuongea. Nilijitambulisha kwa jina la baba yangu, ambalo ndilo natumia kazini. Akanikaribisha kwake. "Ingia dada, maharagwe hayaongelewi juani. Chai iko jikoni."

Nilipoketi nilisikia harufu ya yale maua. Kifuko kilikuwa kimening'inizwa kwenye kioo cha kabati. Juu yake, ukutani, ilikuwa picha kubwa kwenye fremu: Mwadime amesimama kwenye ukuta wa Dubrovnik, bahari nyuma yake.

"Huyo ni mzee wangu," akasema, akiweka vikombe. "Walipelekwa Ulaya na kazi. Si unaona alivyonenepa? Nilimwambia, baba, hao wazungu wamekulisha au wamekufuga?"

Nikamuuliza kama yuko peke yake kwa huyo mzee.

"Kulikuwa na mmoja wa Voi, waliachana kitambo. Mtu wa magazeti. Ndoa haitaki mtu wa kuzururazurura, dada, na usikasirike, najua na wewe ndiyo kazi yako."

Kwenye ile picha, jua lilikuwa mgongoni kwa mpigaji. Kivuli chake kimelala juu ya mawe hadi kwenye viatu vya Mwadime: kofia pana, viwiko viwili vimeinuliwa. Yule mama aliniona nikikitazama. "Hata mimi nilimuuliza huyu ni nani. Akasema ni mzungu fulani tu, alimwomba ampige."

Huyo mzungu ni mimi.

Kisha akaingia msichana mdogo wa darasa la kwanza, mashavu ya Mwadime matupu. Mama yake akamwita asalimie mgeni: "Mkawasi, mpe shangazi mkono." Mkawasi ni jina la mama mkwe wangu. Nilipomzaa Wakesho nilimwomba jina hilo kwa heshima, akanikatalia. Alisema hataki nyumba iite mmoja waitike wawili. Na kwetu jina la mtu aliye hai halichukuliwi bila yeye kuambiwa. Basi mama mkwe alijua. Alipotuwekea mikono vichwani kutuombea kabla ya safari, alikuwa anajua.

Niliuliza bei ya gunia, nikaandika, nikashukuru kwa chai. Habari ilichapishwa bila kosa. Yule mama sina ugomvi naye. Amedanganywa kama mimi, na hajui.

Sasa Jumamosi ijayo mama mkwe ameita ukoo mzima Mghange kushukuru Mungu kwa ndoa yetu. Wakesho amekuja likizo kwa ajili hiyo. Mimi ndiye wa kusimama kusimulia safari, na picha zitaonyeshwa ukutani. Mwadime ananiuliza kila siku kwa simu, "Fundi, umechagua zile nzuri?" Jana Wakesho alizipitia zote, akaniangalia. "Mama, mbona hauko hata kwenye moja?"

Nikamwambia mpigaji huwa haonekani. Ni mara ya kwanza kumdanganya mtoto wangu.

Ile ya Dubrovnik ninayo, na kivuli chake. Niionyeshe mbele ya ukoo na niseme ni cha nani? Nimwambie binti kwanza, aliyetoa jasho lake kutupeleka? Nirudi Njukini nimweleze yule mama? Au nisimame nisimulie habari za bahari, nikae chini? Maisha yangu yote nimeuliza watu maswali. Leo nawauliza ninyi: ingekuwa ni wewe, Jumamosi ungesema nini?