Pazia la Leso Mlangoni pa Zahanati

Nianze na waliokuwepo, maana mambo kama haya yakisimuliwa ovyo kila mtu hujiweka mbele. Siku ya kikao, katika darasa la tatu la shule ya msingi, alikuwepo naibu wa chifu, ambaye mamake na mamangu walichota maji kisima kimoja. Alikuwepo mjomba wangu, ndugu ya mama, mwalimu wa madrasa. Alikuwepo mwalimu mkuu wa shule, mtu wa bara, Mkristo. Alikuwepo sista wa zahanati, naye Mkristo wa bara, mwaka wake wa nne kwetu. Alikuwepo askari wa zahanati, Mgiriama, aliyekuwa akituletea makaa tangu sijaolewa. Alikuwepo kaka yangu wa tumbo moja. Nami nilikuwepo, nimekaa nyuma na wanawake wenzangu. Mke wa kaka yangu, wifi yangu, hakuwepo, na habari hii yote ni yake. Majina yao ninayo, na ya baba zao, lakini siyaandiki. Wengine wamekufa, na waliobaki wana wajukuu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kijijini kwetu, ng'ambo ya daraja la Sabaki ukitoka Malindi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kuandika, kwa darasa la ngumbaru, lile la watu wazima. Wiki moja kabla ya kikao, mtu aliyevaa buibui, uso umefunikwa, aliingia zahanati foleni ikiwa ndefu, akatoka na kasha la dawa chini ya nguo. Mpaka leo hatujui kama alikuwa mwanamke au mwanamume.

Naibu wa chifu akasema, "Kuna wanaotaka itoke amri, mwenye kufunika uso asiingie zahanati. Semeni, nisikie."

Mwalimu mkuu akasimama. "Sisemi vibaya dini ya mtu. Lakini pale ni mahali pa serikali, watu waonane. Askari, hebu waambie ulimwona nani."

"Niliona buibui," askari akasema.

"Buibui la nani?"

"Kwani yana nambari kama magari, mwalimu?"

Watu wakacheka. Mjomba akangoja wanyamaze. "Na mwizi huyo angalikuja na suruali na tai, mwalimu, leo wewe ungekuwa umekaa hapo umevaa nini?"

Hapo hata mwalimu mwenyewe alicheka, kisha uso ukambadilika. "Maalim, mzaha kando. Dawa zile ni za watoto wetu sote."

"Ni wetu sote, ndiyo. Na mama zao je? Wafunue uso mbele ya foleni ya wanaume ndipo wapewe kidonge?"

Kijana mmoja wa kwetu akapiga kelele kuwa asiyetaka buibui arudi kwao bara. Mwingine, wa upande wa kanisa, akamjibu kuwa mifuko ya saruji ya zahanati ile aliibeba yeye kwa mgongo wake, na hakuona buibui lolote likibeba. Watu wakaanza kusimama. Watu waliokopeshana chumvi asubuhi ile ile, mchana wanatazamana kama hawajuani. Mimi niliogopa.

Naibu akagonga meza, akamuuliza sista.

"Mimi nguo hainisumbui," sista akasema. "Mwanamke akiingia ndani na mlango ukifungwa, mwenyewe hunionyesha uso. Hilo lanitosha. Naomba liachwe hivyo." Akataka kuongeza neno, akaketi. Nikadhani ni haya.

Ndipo nikasimama mimi, ambaye sikuwahi kusema mbele ya wanaume. Nikasema, nipeni mlango. Nitashona leso mbili ziwe pazia, niketi nyuma yake kila Jumatano, siku ya kliniki ya waja wazito, ndiyo siku buibui hujaa pale. Kila mwanamke ataingia kwangu kwanza, anifunulie uso, nami nimwambie askari, huyu ni fulani binti fulani, apite. Hakuna mwanamume atakayemwona, wala mwizi atakayepita. Wanawake wa hapa nawajua wote, na mama zao, na bibi zao.

Mjomba akasema, "Binti wa dada yangu ameamua kesi!" Mwalimu mkuu akapiga makofi, na naibu akasema neno la amri limekwisha. Wale vijana wawili wakapeana mikono. Nilitoka pale nikijiona nimekuwa mtu. Kaka yangu hakupiga makofi. Nilimwona, nikadhani ameona aibu dada yake kusema hadharani.

Sasa niseme habari ya wifi. Walikaa shambani, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Alikuwa amezika watoto wawili, na huyo wa pili alimtoa damu mpaka tukamkatia tamaa. Sasa alikuwa mja mzito tena, mwezi wa sita, na sista alimwapisha kuwa asizalie nyumbani na asikose Jumatano hata moja. Kwangu alikuwa haji sana. Kwa mwaka wa pili mfululizo, hata tukiwa wanawake watupu, alikuwa akijiziba leso mdomoni na mashavuni. Tukimuuliza, husema jino. Hata harusini alikuwa haji, ana jino. Nilimtania, "Wifi, jino gani hilo lisilong'oka wala kuoza?" Akacheka ndani ya leso.

Jumatano ya kwanza nilikaa kitini mapema. Pazia lilinifika chini ya magoti, kwa hiyo kabla sijaona uso niliona miguu, na miguu pia naijua. Watatu wa kwanza wakapita vizuri. Kisha nikaona miguu ya wifi yangu, kidole gumba cha kushoto kina ukucha uliopasuka katikati, jembe lilimwangukia. Nikafurahi. Sikumngoja aingie, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, foleni nzima isikie. "Wifi, karibu! Njoo nikuone, mwali wa shambani!"

Miguu ikasimama. Ikageuka. Visigino vikaenda.

Nikadhani amesahau kadi yake. Nikaita anayefuata.

Hakuja Jumatano iliyofuata, wala nyingine. Nilimuuliza kaka yangu, akasema amechoka. Nilimpelekea mapapai kwa mkono wa kaka, mapapai yakapokewa. Sista aliniuliza mara mbili, "Mama, yule wifi yako hajafika?" Mara ya pili akalitazama pazia, akasema, "Pengine Jumatano moja upumzike, nikae mimi hapo."

Nikaudhika. Nilimjibu kuwa kiti kile nilipewa na kikao, na yeye ni mgeni, hajui binti wa nani ni nani. Akasema, "Sawa, mama," akaingia ndani.

Wifi yangu alizaa shambani saa nne asubuhi, mtoto wa kike. Mtoto alilia. Kondo la nyuma halikutoka, damu ikatoka badala yake. Kaka alipopata gari la kumpeleka Malindi, alikuwa hana tena haja ya gari.

Mimi ndiye niliyeitwa kumwosha, kwa kuwa kwetu mwanamke huoshwa na wanawake wake wa karibu. Nilimfunua uso. Alikuwa na mbalanga, nyeupe kama maziwa yaliyomwagika, kutoka midomoni kupita shavu la kulia mpaka chini ya jicho. Uzuri wake ulikuwa pale pale. Nilimwosha uso ule mara tatu, na mwenzangu akanishika mkono akaniambia, "Basi, dada. Umetakata."

Kaka yangu alikuwa nje. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua. Alinikataza. Alisema, dada yako si mbaya, lakini jambo akilijua halimtoki. Jina langu likitajwa, atataja na hili."

"Na kwa sista alikwenda?"

"Sista ni mtu wa mbali. Kwake hakuona haya."

Sista alikuja matangani. Alisimama mlangoni, akaniomba leso ajifunike kichwa, nikampa yangu ya begani. Akaketi mkekani nasi mpaka alasiri. Wakati wa kuondoka akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile ya kikao nilitaka kusema. Ningesemaje bila kumtaja? Na ningemtaja, ningekuwa nani kwake?"

Mle darasani tulikuwa watu zaidi ya thelathini, wa msikitini na wa kanisani, tukibishania nyuso za wanawake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenye uso. Mimi ndiye niliyewapatanisha, na ndiye niliyemfungia mlango.

Pazia nililitungua mwenyewe siku ya kumaliza matanga. Sista akaendelea kama zamani, mlango ukifungwa huonyeshwa uso, na habari ya amri haikurudi tena kwetu.

Yule mtoto nilimlea mimi. Sasa ni mtu mzima. Yeye hajifuniki uso, na binti yake mkubwa hujifunika, nami siwaulizi wote wawili. Huyo niliyemlea ndiye aliyenitaka niandike. Aliniuliza, "Shangazi, mama alikuwa na sura gani?" Picha hakuna. Nikamwambia yote, na mbalanga pia.

Kama nimekosea waliokuwepo, au nani alisema nini, nirekebisheni, hasa ninyi wanawake mliokuwa kwenye foleni Jumatano ile. Na mnisaidie jambo moja linalonikatalia. Nakumbuka nilimwita kwa sauti. Sikumbuki kama nilimwita mara moja, au miguu ilipogeuka nilimwita tena, na kama alinijibu nisisikie. Anayejua aniambie, hata kama ni baya.