Pofu alianguka kwa risasi moja, kazi ikawa kumgeuza kibla

Wakuu, kwema humu? Hii imenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini aje Usoke aulize.

Mimi ni mkulima wa tumbaku, na msimu wa uwindaji ukifunguliwa huwa nakata kibali. Mwaka huu nilikuwa na posa Kanyenye. Baba wa binti ni mchinjaji mstaafu. Bucha kaliacha, kisu hajakiacha.

Akasema kwenye harusi ya binti yake italiwa nyama ya pofu, na hapo ndipo atajua kama mimi ni mtu wa kupewa mke. Ila achinje yeye, mnyama akiwa hai.

Nikamwambia nitasoma bismillahi kabla ya kufyatua, wapo masheikh wanaokubali.

"Mwanangu, hiyo ya kwenye risasi mimi siijui. Najua kisu."

Sasa kwa ambao hamjawinda: pofu ni jamii ya swala, ila ni mkubwa kuliko ng'ombe dume, na ile nundu ya mabegani inadanganya macho, unajikuta umelenga juu mno. Subiri akupe ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, ukifika theluthi ya mwili kutoka chini, achia. Hapo ndipo penye moyo na mapafu. Hafiki mbali wala hateseki.

Ndicho mzee asichokitaka. Tumejikunja kichakani, pofu kasimama vizuri kama yuko studio, mzee ananinong'oneza, "Piga paja, akae chini."

Askari wa wanyamapori tuliyepangiwa akageuka. "Mzee, hapa hajeruhiwi mnyama kwa makusudi."

"Basi mpige kidogo."

"Kidogo ndiyo wapi?"

Nikapiga palepale panapotakiwa. Pofu akaruka, akakimbia kidogo, akaanguka.

Mzee aliyelalamikia magoti tangu asubuhi akatupita mbio, kanzu kaiuma kwa meno. Tulipomfikia, mnyama bado anahema. Nikajua tayari nimeoa.

Mzee akasita. "Hajaelekea kibla."

Wakuu, mmewahi kumgeuza pofu? Mimi nimeshika pembe, askari yuko nyuma, mzee anaelekeza kama tunapaki lori. Halafu kibla chenyewe kiko wapi? Mzee anaonyesha huku, askari, ambaye ni Mkristo wa Moraviani, anaonyesha kule, eti ndiko msikiti wa mtaani kwao unakotazama. Wakabishana, mimi nimening'inia kwenye pembe.

Walipokubaliana, pumzi zilikuwa zimekata. Mzee akachinja chapuchapu, akainua macho.

"Mkia umetikisika. Nimeuona."

Ulitikisika kweli. Ila askari ndiye aliyekuwa ameushika, anauvuta. Akauachia taratibu, akaanza kuangalia ndege.

Mzee akanigeukia mimi. "Umetikisika, au?"

Binti nampenda, sitaficha. Roho iliniuma vibaya sana.

"Baba, mkia ulivutwa. Alikuwa ameshakufa."

Mzee akafuta kisu kwenye majani, akakirudisha kwenye ala. Nyama tukawagawia jirani zangu Wakristo, na nilirudi Usoke nikiamini posa imekufa.

Wiki haikuisha, nikaitwa Kanyenye kupanga tarehe. Harusini tulikula kuku.

Siku ile ile nikajikaza nikamuuliza mkwe, je, ningesema mkia umetikisika wenyewe?

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, nimechinja maisha yangu yote. Unadhani simjui aliyekufa?"

Nilichojifunza: kibla muulizane kabla ya kufyatua. Na kule porini nilidhani mwenye kulenga ni mimi peke yangu.

Haya, mliowahi kupimwa na wakwe, tiririkeni hapa chini.