Ncha ya Omu Kumi na Sita

Mimi nauza tofu, jibini ya soya, muziki siujui, lakini Fusae namjua. Ni jirani yangu hapa Morioka, mke wa Hirose, fundi wa amplifaya zile za taa za kioo, zinazounguza mkono ukizigusa. Watu husema, "Amplifaya za Hirose." Wapi! Hirose anaunga waya tu. Moyo wa amplifaya ni transfoma, na transfoma anasuka Fusae, kwenye meza ya jikoni, waya mwembamba kama unywele, mzunguko juu ya mzunguko, huku wali unaiva. Shingo yake imepinda kwa kazi hiyo.

Majira yale ya baridi Hirose alimwagiza asuke transfoma moja kubwa.

"Ya nani?"

"Ya kwetu. Nataka tusikilize sauti nzuri uzeeni."

Basi Fusae akasuka kwa mapenzi, mwanamke mzima anacheka peke yake dirishani. Ilipokwisha, haikuwashwa nyumbani hata mara moja. Ilitoweka, na Hirose naye akawa anatoweka kila Jumapili mchana, kanyoa ndevu.

Fusae akaja kwangu, macho mekundu.

"Shoga, huyu mwanamume ananichezea."

"Umejuaje?"

"Mbali na ncha ya omu nane, aliniambia nitoe na ya kumi na sita. Spika yetu ni ya omu nane. Amplifaya ya taa haifungwi kwenye spika yoyote tu. Kila spika ina uzito wake, unaopimwa kwa omu, na transfoma ndiyo inayozipatanisha. Sasa niambie, mji huu mwenye spika ya kumi na sita ni nani?"

Nikainama kupanga tofu, maana mji mzima ulijua. Ni Tazuko, mjane mwenye mkahawa wa muziki karibu na daraja, aliyenunua spika kuukuu ya sinema iliyofungwa.

"Nimemsukia mke mwenza kwa mikono yangu mwenyewe," Fusae akasema.

Jumapili akavaa kimono chake kizuri, akaficha bisibisi ndani ya mkono mpana wa kimono hicho, nami nikamfuata asije akamtoa mtu jicho.

Sasa, kwenye mkahawa wa muziki watu hawaongei. Unaingia, unaonyesha unachotaka kwa kidole, unasikiliza. Ukinong'ona unatolewa nje. Mtu umejaa wivu mpaka kooni, halafu huruhusiwi kufungua mdomo! Tukakaa nyuma. Hirose alikuwa mbele kabisa, kafumba macho, uso umelegea kama aliyetoka kuoga maji ya moto. Tazuko alikuwa kwenye kaunta yake, naye kafumba. Hawakugusana, hawakukaribiana hata kidogo. Fusae alinishika goti akaliminya hadi nikauma mdomo. Uso ule wa mumewe hakuwahi kuuona nyumbani.

Upande mmoja wa sahani ya santuri ukaisha, Tazuko akainama kuigeuza. Fusae akainuka kama anayekwenda msalani, akapita nyuma ya amplifaya, akalegeza skrubu, akauhamisha waya wa spika kutoka kumi na sita kwenda nane, ncha ya nyumbani kwake. Akarudi kuketi.

Sahani ikaanza. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Wanafunzi waliojaa mle wakaendelea kutikisa vichwa vyao. Lakini vichwa viwili viliinuka pamoja, cha Hirose na cha Tazuko, wakatazamana jinsi wazazi wanavyotazamana mtoto akikohoa. Nikamwona Fusae anabadilika rangi. Angewafumania kitandani ingemuuma kidogo kuliko hapo.

Akasimama, akasema kwa sauti ndani ya kimya kile: "Ni mimi niliyeuhamisha waya. Baba Noboru, uliniambia ni ya uzee wetu."

Watu wote wakageuka. Hirose akaiva uso. "Mama Noboru, twende nyumbani. Hapa watu wanasikiliza."

"Na mimi je? Miaka yote hii nasuka, umewahi kunivutia kiti nikasikiliza?"

"Wewe kila saa uko jikoni."

"Kaniweka nani?"

Hirose akainuka, akachukua kofia yake. Tazuko akasimamisha sahani, akaenda kuurudisha waya mahali pake, akaitazama ile transfoma kwa muda.

"Aliniambia anasuka mwenyewe," akasema taratibu. "Kumbe niliyekuwa namsikiliza Jumapili zote hizi ni wewe, dada."

Akakivuta kiti cha Hirose, akamkalisha Fusae, akaanza sahani upya. Fusae akafumba macho, machozi yanamtoka. Hirose alibaki kasimama mlangoni, kofia mkononi.

Siku hizi Jumapili anayetoweka ni Fusae, kajipaka poda. Hirose huja dukani kwangu kununua tofu asiyoihitaji, jicho lake liko barabarani.

"Wale wawili," huniuliza, "huwa wanaongea nini huko?"

"Mle hawaongei, shemeji," namjibu, na hapo ndipo anapoumia zaidi.