Wasichana wa Dakhalia na Kahawa Yangu

Sinia zangu hazirudi na wali. Nalisema hili mwanzo ili mtu ajue anazungumza na nani. Nimesoma chuo cha Kurani kwa maalim na madarasa mawili ya skuli Unguja, basi. Nilipofika huku Uarabuni, mji wa Ibra, nilianza na beseni la sambusa kwenye soko la wanawake la Jumatano. Leo nina jiko langu, limegusana na dakhalia, bweni la wasichana wanaosoma koleji, na chakula chao chote kinatoka kwangu. Maisha yao nayajua kuliko mama zao. Namjua anayekariri Kiingereza bafuni kwa sauti, namjua aliyeficha birika chini ya kitanda kwa kupikia tambi za pakiti, namjua anayelia kwa matokeo kabla hajayatazama.

Geti hufungwa magharibi. Wiki ile wasichana wanne walitoka bila ruhusa kwenda mjini kula kuku wa kukaanga, wamefurahi mtihani mmoja umekwisha. Wakachelewa, wakarudi kwa mlango wangu wa jikoni. Nilikuwa nachambua mchele, nikawaona wote wanne. Watatu walipita. Wa nne, mtoto mwembamba wa Wadi Bani Khalid, aliushikilia mlango wenziwe wapite, na mushrifa, msimamizi wa dakhalia, akamkuta kasimama na kitasa mkononi. Akamwambia: taja wenzio, au Alkhamis baba yako aje akuchukue. Hakutaja. Na sote tulijua maana yake. Baba yule alikubali binti asome kwa sharti alale dakhalia. Akitolewa dakhalia, koleji imekwisha.

Kesho yake mchana mpishi wangu akaja mbio: "Mama, hawali."

Damu ikanipanda. Kwetu Unguja mtu akikuachia chakula hakikuguswa, kakutukana mbele za watu. Nikaingia ukumbini na upawa mkononi.

"Nani kasema wali wangu mbovu? Asimame!"

Hakusimama mtu. Wamekaa kwenye mabusati, sinia katikati, mvuke umekwisha. Mbele ya kila mmoja kikombe cha kahawa kimemiminwa, hakikunywewa. Aliyejibu ni msichana wa Nizwa, bibi yake mtu wa Pemba, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Naye ni mmoja wa wale watatu.

"Shikamoo Bibi. Chakula yako nzuri, wallahi. Njaa inatuua."

"Basi kuleni! Au mnangoja niwatafunie?"

"Tazama kahawa, Bibi."

Nikatazama. Umri wote huu niko huku, na bado moyo wangu ulikimbilia Unguja kwanza! Mabedui wa Sharqiya hii tuliyomo, mtu akija kwako na haja, kahawa unayompa huiweka chini. Haigusi mpaka umwambie: kunywa, haja yako imepita. Ukishamwambia, umejifunga kumtimizia. Usipomwambia, ananyanyuka, kahawa inabaki, na aibu ni yako wewe mwenyeji.

"Mmekosea mlango," nikasema. "Haja yenu ya mwenzenu abaki iko kwa mushrifa."

"Mushrifa hapiki kahawa. Dele hii ya kahawa ni yako."

"Au Bibi ni mpishi tu?" akadakia mwengine kwa Kiarabu, mtoto wa Sur, ulimi wembe. Wakacheka kwa pua.

Lilinichoma. Nikaenda kwa mushrifa.

Si mwanamke mbaya. Kijana, ana shahada yake, anaogopa wakubwa wake. Hakunipa hata kiti, ila aliniita khalti, mama mdogo.

"Khalti, mlango ule uko mbele ya macho yako. Nipe majina, huyu abaki. Sasa hivi namwambia baba yake asije."

Majina ninayo mdomoni. Nikiyatema, mmoja anaokoka na watatu wanakwenda na maji. Nikiyameza, yule wa Wadi ndiyo basi tena.

"Niliwaona," nikamwambia. "Na sikwambii."

"Basi baba anakuja."

"Na aje."

Nikarudi ukumbini. Mgongo umenyooka. Nikasema, "Kunyweni. Haja yenu imepita."

Wakanywa. Kahawa ishapoa, wakainywa vivyo hivyo, kisha wakauvamia wali. Mtoto wa Wadi peke yake alibaki ananitazama. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba sijapitisha kitu.

Mpaka kufika Alkhamis nilizidisha chumvi kwenye mchuzi, jambo ambalo halinitokei. Mtoto wa Wadi alikuja kukariri masomo jikoni kwangu, kila akifika katikati ya ukurasa anasahau, anaanza upya.

Baba alifika baada ya Adhuhuri na pikapu yake, bakora mkononi. Mushrifa kashamjaza kwenye simu. Binti kasimama getini na sanduku na godoro. Baba hakumsalimu, alimwonyesha gari kwa bakora. Nikaenda nikasimama mbele ya mlango wa gari.

"Niachie njia, yaa walda," akasema. Ndivyo wanavyomwita huku mama mtu mzima.

"Sikuachii. Umeambiwa nini?"

"Katoka bila ruhusa."

"Kweli. Hilo kosa lake, mwadhibu. Umeambiwa lililobaki? Kashikwa kwa kuwashikia wenziwe mlango. Kaambiwa awataje, abaki. Hakuwataja."

Akamgeukia binti. "Ni nani hao?"

Binti akatazama chini. "Nipige, baba. Sisemi."

"Hata mimi baba yako?"

"Hata wewe."

Bakora ikawa inagonga tairi, polepole. Nikaona nikinyamaza nimekwisha.

"Alale kwangu, aendelee na koleji," nikasema. "Mume wangu kafa, wanangu wako Maskati. Ndani kuna mimi, kuku, na kufuli mbili. Geti la dakhalia hufungwa magharibi, langu hufungwa alasiri."

"Na wewe ni nani?"

"Ndimi ninayemlisha mwanao tangu ulipomleta. Kaulize soko zima la Jumatano."

Akatupa godoro nyuma, akapakia sanduku. "Pandeni."

Nikapanda mbele, binti nyuma yetu. Tukaenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Njia moja inakwenda Wadi Bani Khalid, moja inaingia mtaani kwangu. Nikashika kitasa cha mlango wa gari. Nilishaapa moyoni, akishika njia ya Wadi nateremka hapo hapo nakaa mbele ya gari, na polisi waje.

Akazunguka mzunguko mzima bila kutoka. Gari la nyuma likatupigia honi.

"Kufuli mbili?" akauliza.

"Mbili."

"Nionyeshe njia."