Samaki wa Jiwe Tuliyemvalisha Ugali

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi ya meno nikaambiwa nikae chini. Nilikuwa nimetoka kuponda kokoto Makoko, viganja kama magome ya mti, nikajua wananidhihaki. Ilikuwa Bunda, kwenye korongo nyuma ya mashamba ya pamba. Fundi Mkuu wa kambi, mzee asiyecheka, akaniambia, "Ukitumia nguvu hapa nakurudisha kwenye kokoto. Hapa tunasugua." Nikasugua siku nne. Siku ya tano likatokea gamba la samaki, dogo kama kucha ya mtoto, jeusi, limegeuka jiwe. Akaliangalia akasema, "Haya, sasa umeajiriwa." Alikosea. Nilikuwa kibarua, na kibarua nikabaki.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta mahema na mikataba, ndiyo maana naandika. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia. Lakini waliokosa nitawataja. Nimewafichia vya kutosha.

Kazi yenyewe ni hii. Zamani sana maji yalikuwepo huku ambako leo tunalima. Samaki alikufa, tope likamfunika, tope likawa jiwe naye akawa jiwe. Sisi tunafuata tabaka, yaani mstari wa udongo wa rangi moja ukutani mwa korongo, tunasugua mpaka atokee. Akitokea humwinui hivi hivi, atavunjika. Unamvalisha koti: vipande vya gunia vilivyolowekwa kwenye plasta, ile anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Likikauka ndipo unambeba. Kuvalisha koti ndiyo kazi ya fundi. Sisi vibarua tulikuwaga tunakoroga tu na kutazama.

Kutoka Bunda nikapelekwa Mugango, nikakaa misimu miwili, tukapata mifupa ya kiboko na malaria. Halafu Butiama, chini ya Msimamizi Magesa. Magesa ni kaka wa mke wangu. Likumbukeni jina hilo.

Msimu ule Mkuu wa Msafara, bosi wa uchimbaji wote, alitembelewa na rafiki zake kutoka ng'ambo: Mama Helga, mwalimu mstaafu, na mumewe Bwana Jost, mtu mrefu na mpole aliyekuwa anaomba radhi kwa kila jiwe alilolikanyaga. Walikuwa likizo. Wenzao huenda kuangalia simba, hawa walitaka kuchimba samaki.

Siku yao ya pili nikampata. Kamongo mzima, kichwa mpaka mkia, urefu wa mkono wangu. Bwana Jost akavua kofia. Mama Helga akalia kidogo, akajifuta na kitambaa cha kufutia mawe. Mkuu akanishika bega mbele yao.

"Chacha, huyu mvalishe koti wewe mwenyewe. Akifika Musoma vizuri, barua yako ya ufundi naiandika leoleo."

Miaka minane nilikuwa naingoja barua hiyo. Mwenye barua akiumwa anatibiwa, na goti langu lilikuwa limeshaanza kulia kila nikichuchumaa. Mkuu akawachukua wageni kuwaonyesha korongo la pili. Mimi nikaenda stoo. Mifuko ya plasta yote mitupu, imekunjwa vizuri.

"Plasta iko wapi, shemeji?"

Magesa akatazama mlimani. Nami nikatazama. Nyumba yake, ambayo juma lililopita ilikuwa ya udongo, ilikuwa nyeupe kama yai.

"Wageni wanakula kwangu mchana," akasema. "Ungetaka wakute nyumba rangi ya ng'ombe?"

"Magesa, umepaka mifuko minne?"

"Mitano. Na choo."

Hapo ningemfuata Mkuu. Lakini kwetu shemeji hummwagii aibu mbele ya mgeni, na wageni walishaanza kurudi, wanatupungia mkono. Akili ikaniambia: muhogo. Ugali wa muhogo ukikauka sufuriani, hata kisu kinapinda. Nikapanda kwa mke wa Magesa, nikamkuta ananyonyoa kuku.

"Nisongee ugali mkubwa, shemeji. Halafu tuulegeze."

"Wa nani? Chakula cha wageni kiko tayari."

"Wa samaki."

"Samaki gani anakula ugali?"

"Wa jiwe."

Akanitazama sana. "Na mboga mtampa?"

Tukaulegeza kwa maji ya moto, nikachovya magunia, nikamvalisha kamongo kama mtoto wa ubatizo. Jua la saa sita likaukaza. Mkuu alipokuja kukagua akaugonga kwa kidole. "Koti safi, Chacha."

"Huwa namfundisha," Magesa akasema.

Tukampakia nyuma ya pikapu, tukapanda kwenda kula. Kuku alikuwa mtamu, sitasema uongo. Mama Helga aliegemea ukuta, akainuka na mgongo mweupe. Mumewe akampangusa, naye akawa mweupe. Mkuu alikuwa ameanza kuutazama ule ukuta tuliposikia kwato juu ya bati.

Mbuzi sita wa Magesa walikuwa ndani ya pikapu. Koti walikuwa wamelimaliza na sasa wanavutana gunia. Kamongo alilala katikati yao, mzima, amelambwa mpaka anang'aa. Bwana Jost akapiga picha.

"Mbuzi wa huku wanakula plasta?" Mkuu akauliza.

"Wa Butiama hawachagui, mkuu," Magesa akasema.

Mkuu akaokota kipande kimoja, akakinusa, akakitia mdomoni. Akatafuna. "Muhogo," akasema. Akanigeukia. "Chacha. Plasta imeenda wapi?"

Nikamtazama Magesa. Magesa akawatazama mbuzi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, nyuma yake ukuta mweupe, na mimi tumboni nina paja la kuku wake.

"Iliisha, mkuu," nikasema.

"Iliishaje?"

"Iliisha tu."

Kamongo alipelekwa Musoma kwenye blanketi, magotini mwa Mama Helga, hakuvunjika hata gamba. Barua haikuandikwa. Mkuu aliniambia kwa upole kabisa, "Fundi anayeficha siwezi kumpa samaki." Nikarudi kwenye kukoroga.

Goti likanistaafisha nina miaka hamsini na moja, bila cheti wala mkono wa kwaheri. Sasa nachunga mbuzi, nacheka nao mara mojamoja. Ninachowaambia vijana ni hiki: ujifunze brashi, ujifunze tabaka, na aliyekosa umtaje saa ileile, hata kama umekula kwake.

Mwaka jana nilimkuta Mkuu sokoni Musoma, mvi tupu. Nikamweleza yote, kuanzia mifuko mpaka choo. Alicheka mpaka akashika meza ya mwenye dagaa.

"Nilijua," akasema. "Mgongo wa Mama Helga ulikuwa umejaa plasta yangu."

"Ulijua siku ile?"

"Siku ileile."

"Na barua?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, Chacha. Nilitaka fundi mkweli."

Nikamuuliza, "Na Magesa, ulimngoja naye aseme?"

Akawaangalia dagaa. "Magesa alikuwa na barua tayari," akasema.